Nyonyo, pamba na alizeti: mafuta yetu yanaweza kulainisha plastiki na kuzaa polima. Uzi kwa wakamuaji na mafundi wa Kanda ya Ziwa

Mkamuaji wa Igoma

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kupima mafuta kwenye kiwanda cha kukamulia hapa Mwanza, na kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Tuanzie kwenye mpira wa kumwagilia. Kila anayelima mboga kwa pampu kando ya ziwa, Luchelele mpaka Kayenze, anaujua. Ukiwa mpya unaukunja unavyotaka. Ukishapigwa jua misimu kadhaa unakakamaa, unapauka, halafu unapasuka palepale pa kukunjia. Watu wanasema mwenye nao ameuziwa feki. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kilainishi kimehama.

Mpira huo ni plastiki ya PVC. PVC yenyewe ni ngumu, ndiyo ileile ya mabomba ya maji taka. Ili iwe mpira wa kumwagilia, ganda la waya wa umeme, kapeti la plastiki la sebuleni au turubai, inachanganywa na kilainishi, yaani kimiminika kizito kinachoingia katikati ya minyororo ya polima (molekuli ndefu zinazounda plastiki) na kuifanya iteleze. Kwenye bidhaa laini kimiminika hicho kinaweza kufika theluthi ya uzito mzima, na hata kuzidi. Hakijafungwa na PVC kikemia, kimekaa tu mle ndani. Kwa hiyo kidogo kidogo kinatoka: hewani, kwenye maji, kwenye mafuta, kwenye mkono wa mtoto anayetafuna mdoli.

Kilichotumika zaidi duniani kwa miaka mingi ni jamii ya thaleti, hasa DEHP, ambayo wauzaji wengi wanaiita DOP. Inatokana na petroli. Kwa sababu inavuruga homoni na mfumo wa uzazi, Umoja wa Ulaya haukubali DEHP na ndugu zake kadhaa kwenye vitu vya watoto kuzidi asilimia 0.1 ya uzito, na Marekani iliweka kikomo kama hicho kwa sheria ya mwaka 2008.

Sasa hapa ndipo mafuta yetu yanapoingia. Molekuli ya mafuta ya mimea ni gliseroli iliyoshika minyororo mitatu ya asidi mafuta, mingi ikiwa na kaboni 18. Kwenye baadhi ya kaboni hizo kuna viungo maradufu, yaani kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili badala ya mmoja, na hivyo ndivyo mlango wa kazi yote. Sisi maabara tunavipima kwa namba ya iodini: kitani karibu 180, alizeti na soya karibu 130, pamba karibu 105, mawese karibu 50. Namba ikiwa kubwa, viungo maradufu ni vingi, na kuna mahali pengi pa kupachika kitu.

Kinachopachikwa mara nyingi ni oksijeni. Hidrojeni peroksidi ikikutana na asidi ya asetiki au ya fomiki inazaa asidi ya pera, nayo inatia oksijeni kwenye kiungo maradufu, pakatokea kipete kidogo cha pembetatu kiitwacho epoksidi. Kazi inafanyika kati ya nyuzi 50 na 70 hivi. Mafuta ya soya yaliyofanyiwa hivi yanauzwa duniani kote kwa jina la ESBO. Yapo hata kwenye ule mpira mwembamba ulio ndani ya kifuniko cha chuma cha chupa ya jamu.

Ubora wake unapimwa kwa oksijeni ya oksireni, yaani asilimia ya oksijeni iliyokaa kwenye vile vipete. ESBO nzuri ina karibu 6.5 hadi 7. Nimepiga hesabu ya juu kabisa inayowezekana kwa mafuta ya huku: alizeti yenye namba ya iodini 130 inafika 7.6, pamba yenye 105 inafika 6.2, mawese yanaishia 3.1. Kwa hiyo alizeti ya Shinyanga na Singida ni malighafi ya daraja lilelile la soya ya Marekani, na pamba yetu haiko mbali.

Tunauza mbegu, tunauza mafuta, kisha tunanunua kilainishi ndani ya mpira, waya na kapeti. Nataka tuijadili hatua iliyo katikati.

Fundi Bomba Kirumba

Mkuu umenifungua macho. Swali la haraka: kama mafuta ni mafuta, kwa nini mwenye kiwanda asimimine tu mafuta ya pamba kwenye PVC akaokoa gharama?

Mkamuaji wa Igoma

Fundi, PVC na mafuta ghafi havipatani. Utachanganya kwenye moto yatakubali, bidhaa ikipoa mafuta yanaanza kutoka juu, unashika mkono unateleza, vumbi linanata. Wenzetu wa plastiki wanasema inatoa jasho. Vile vipete vya oksijeni ndivyo vinavyoyafanya mafuta yaipende PVC.

Na vina kazi ya pili ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza. PVC ikipata joto au jua inaachia asidi ya hidrokloriki. Asidi hiyo ikibaki mle ndani inachochea nyingine itoke, na nyingine, ndiyo maana plastiki inaanza njano inaishia kahawia. Kipete cha epoksidi kinaikamata asidi hiyo kabla haijaendeleza uharibifu. Kwa hiyo hata kiwanda kinachotumia kilainishi kingine kinaongeza ESBO kidogo, sehemu 3 hadi 5 kwa kila 100 za PVC, kama kinga.

Ila ESBO haiwezi kubeba kazi yote ya kulainisha. Ukiizidisha nayo inaanza kutoka. Ni msaidizi.

binti_Ngudu

Kaka Mkamuaji, asante kwa elimu, lakini mimi nitasema kinachoniuma. Kwetu Kwimba mama akienda dukani anapimiwa mafuta kwa kikombe kidogo. Nchi bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje. Halafu leo tuambiane tuyachukue ya alizeti tuyatie oksijeni yakalainishe mpira wa kumwagilia? Nani atakula plastiki?

Mama Alizeti

Dada yangu binti_Ngudu, naunga mkono. Mimi nakamua alizeti, na msimu mbegu zikipungua kinu kinalala miezi. Kiwanda kikubwa kikija kugombania mbegu nami, mimi ndiye wa kwanza kufunga.

Mkamuaji wa Igoma

Dada binti_Ngudu na Mama, mmegusa penyewe, na hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Alizeti nimeitaja ili tujue inaweza. Mimi ninasema tuanze na nyonyo.

Nyonyo hailiwi. Inaota yenyewe pembeni ya nyumba, kwenye mahame, kando ya barabara ya Misungwi, watoto wanachezea mbegu zake na wengi hawajui thamani yake. Mbegu ina mafuta karibu nusu ya uzito wake. Na kikemia imezaliwa na kitu ambacho mafuta mengine yote lazima uyafanyie kazi ndipo yakipate: karibu asilimia 85 hadi 90 ya asidi zake ni asidi ya risinoleiki, ambayo kwenye kaboni ya 12 ina hidroksili, yaani OH, mkono ulio tayari kushika molekuli nyingine.

Soya na alizeti ukitaka ziwe polioli (malighafi yenye OH kadhaa) ya kutengenezea poliuretheni, polima ya kwenye magodoro na rangi za sakafu, inabidi kwanza uzitie epoksidi, kisha uvunje kile kipete kwa maji au methanoli ndipo OH itokee. Huko Kansas, Zoran Petrović na wenzake wamefanya kazi kubwa sana juu ya njia hiyo. Nyonyo inaruka hatua zote mbili. Unaikamua, unaisafisha, unaikausha, unaichanganya na isosianeti, kemikali inayoshikana na OH, inaganda na kuwa polima.

Hesabu yake ni hii. Nyonyo nzuri ina namba ya hidroksili, kipimo cha wingi wa OH, karibu 163. Ukiigawa, gramu 344 za mafuta zina mkono mmoja wa OH. Upande wa pili, MDI, isosianeti ya kawaida ya viwandani, ina mkono mmoja kwa gramu 135. Kwa hiyo kilo 1 ya nyonyo inataka karibu gramu 390 za MDI. Zaidi ya asilimia 70 ya polima hiyo imetoka shambani. MDI bado itaagizwa, silifichi hilo, lakini sehemu kubwa ya pipa ni yetu.

Na kwenye vilainishi, kuna kilichotengenezwa kwa nyonyo iliyotiwa hidrojeni kisha ikaunganishwa na asidi ya asetiki. Danisco ya Denmark ndiyo iliyokiingiza sokoni. Tofauti na ESBO, hicho kinaweza kuchukua nafasi ya thaleti kipimo kwa kipimo.

Mzee wa Kapripoint

Vijana, nimesoma yote. Nimeishi kwenye biashara ya rangi na vifaa vya ujenzi tangu nikiwa kijana, niongeze kitu. Polima za mafuta si habari ya juzi. Mwaka 1863 Mwingereza Frederick Walton alichukua hataza ya linoleamu. Ni mafuta ya kitani yaliyoachwa yavute oksijeni ya hewani mpaka yakawa mazito kama mpira, yakachanganywa na unga wa kizibo, yakatandazwa juu ya kitambaa. Hilo ndilo lililokuwa kapeti la sakafuni kabla ya PVC kulifukuza.

Na rangi ya mafuta mnayopaka madirisha na mageti mpaka leo, resini yake, yaani ile gundi inayoshika rangi, ni alkidi: gliseroli, anhidridi ya thaleti, na asidi mafuta za mimea. Inakauka kwa sababu vile viungo maradufu alivyosema kijana vinashikana vyenyewe kwa oksijeni ya hewa. Nyonyo ghafi haikauki. Lakini ukiipasha moto na kichocheo cha asidi, ile OH inaondoka kama maji, inaacha kiungo maradufu cha ziada, na hapo inakuwa mafuta ya kukausha rangi, tena yasiyogeuka njano upesi kama ya kitani. Msiisahau njia hiyo. Ni rahisi kuliko zote mlizozitaja.

Mkamuaji wa Igoma

Shikamoo mzee. Wabeja sana. Hilo la nyonyo iliyoondolewa maji ningelisahau kabisa, na kweli ndilo lililo karibu zaidi na uwezo wa kiwanda kidogo.

Fundi Bomba Kirumba

Marahaba kwa niaba ya mzee, ha! Sasa mkuu, tupe vipimo vya ile ya peroksidi. Nina pipa la lita 200 na jiko la mkaa, vijana wapo.

Mkamuaji wa Igoma

Fundi, hapana. Na nakwambia hapana kwa sababu nakujali wewe na hao vijana.

Oksijeni ikiingia kwenye kiungo maradufu inaachia joto jingi, karibu kilojuli 230 kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha idadi) ya viungo maradufu. Kilo 1 ya alizeti ina moli 5 hivi. Jumla ni zaidi ya kilojuli 1,100, joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji ya ziwa kuanzia nyuzi 25. Kwenye pipa lako lenye kilo 100 za mafuta, hilo ni joto la kuchemsha lita 350. Halina pa kwenda. Mafuta yanapanda joto, joto linaharakisha kazi, kazi inaongeza joto, peroksidi inaanza kuvunjika na kutoa oksijeni. Hapo pipa linalipuka.

Viwandani peroksidi inaingizwa kidogo kidogo, mchanganyiko unakorogwa bila kukoma, maji baridi yanazunguka kwenye koti la mtambo, na kipimajoto kinatazamwa muda wote. Umeme ukikatika katikati ya kazi na huna jenereta, una hatari mkononi. Anayetaka kujaribu aanze na mililita chache kwenye maabara, akiwa na mtu aliyesomea.

Nyanza_Lab

Nathibitisha alichosema. Kuna karakana moja, sitaitaja, walimwaga peroksidi yote kwa mkupuo. Mchanganyiko ulikaa kimya muda, wakadhani haufanyi kazi, wakaongeza moto. Ukaja juu wote kwa pamoja mpaka darini. Kijana mmoja aliungua mkono na shingo. Ule ukimya wa mwanzo ndio unaodanganya.

Na kisheria pia: kemikali hizi zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003. Wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Nendeni mkaulize kabla ya kununua dumu la kwanza.

Mvuvi wa Ukerewe

Wakuu, sisi wa majini mmetusahau. Nasikia nailoni nayo inatoka kwenye nyonyo. Je, nyavu? Maana nyavu zikipotelea ziwani zinaendelea kuvua na kuozesha samaki. Za mimea si zitaoza zenyewe?

Mkamuaji wa Igoma

Ndugu yangu wa Ukerewe, swali lako ni la maana sana, na jibu lake lazima lisemwe wazi.

Ni kweli, nailoni 11 inatoka kwenye nyonyo. Ilibuniwa Ufaransa miaka ya 1940. Asidi ya risinoleiki inavunjwa kwa joto la karibu nyuzi 500, inapatikana asidi yenye kaboni 11, mwisho inageuzwa kuwa nailoni. Mabomba membamba ya upepo wa breki za malori, mengi yanatengenezwa kwayo. Kuna pia nailoni 6,10 inayotumia asidi ya sebasiki, nayo ni ya nyonyo.

Lakini kutoka kwenye mmea na kuoza ni mambo mawili tofauti. Nailoni 11 haiozi ziwani. PVC iliyolainishwa kwa ESBO inabaki PVC. Wavu wa nailoni ya nyonyo ukipotelea Ukara utaendelea kunasa sato na sangara vilevile kama wa petroli. Na zile za uzi mmoja, timba, zimepigwa marufuku hata ziwe zimetoka kwenye mmea gani. Akija mtu kukuuzia wavu kwa kusema ni wa mimea kwa hiyo unaoza, mwambie akuoneshe vipimo.

binti_Ngudu

Hapo umesema kweli kaka. Na mafuta machafu ya kukaangia samaki, yale ya Kirumba na Mabatini? Yanamwagwa mitaroni mpaka ziwani. Hayo hayagombanii na mlo wa mtu.

Nyanza_Lab

Dada, wazo zuri, ila mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yamekwisha tumia viungo maradufu vyake. Joto na hewa vimeshavishika, ndiyo maana yanakuwa mazito na kunata. Namba ya iodini inashuka, asidi huru inapanda, kuna maji na makombo ya samaki. Kwa ESBO ya daraja la soko hayafai. Kwa sabuni yanafaa. Kwa resini ya rangi ya bei nafuu, yakichujwa na kukaushwa, inawezekana.

Mwalimu wa Nyegezi

Nimechelewa, niseme mawili.

La kwanza ni mapafu. Isosianeti inasababisha pumu, na mwili wa mtu ukishapata mzio nayo hata harufu ndogo tu inambana kifua, anaweza kulazimika kuacha kazi kabisa. MDI haivukizi upesi kama TDI, isosianeti ya kwenye magodoro, lakini ikipulizwa kama rangi ni hatari ileile. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Halafu maji: isosianeti ikikutana na unyevu inatoa kaboni dioksidi, polima inajaa mapovu. Kwenye godoro hilo ndilo linalotakiwa. Kwenye rangi ya sakafu ni hasara. Na hewa ya kando ya ziwa tunaijua ilivyo, nyonyo ikikaa kwenye dumu lililo wazi inavuta unyevu.

La pili, msidhani hakuna wasomi wetu waliolishughulikia. Profesa Egid Mubofu, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kwa kina kuhusu nyonyo kama malighafi ya kemikali, na pale wamefanya utafiti wa mafuta ya maganda ya korosho pia. Marekani, Richard Wool wa Delaware alichukua ESBO akaitia asidi ya akriliki, akapata resini ngumu ya kutengenezea mabodi kwa nyuzi. Wazia resini ya namna hiyo na nyuzi za katani.

Mama Alizeti

Mwalimu na Mkamuaji, mimi nina kinu na nafasi. Nikinunua nyonyo nikamua, mashudu niwape ng'ombe kama ya pamba?

Mkamuaji wa Igoma

Mama, usithubutu! Mbegu ya nyonyo ina sumu ya risini. Haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo mafuta yaliyokamuliwa na kusafishwa vizuri ni salama, sumu yote inabaki kwenye mashudu. Yaende shambani kama mbolea, yafukiwe, mbali na mifugo na watoto. Na kinu cha nyonyo kisikamue alizeti ya kula. Tenga mashine moja kwa ajili hiyo, na wanaofagia wafunike pua, vumbi lake linawadhuru wengine.

Soko: usianze na plastiki. Anza kwa kuuza mafuta safi yenye cheti cha vipimo, namba ya hidroksili, asidi huru, unyevu. Mwenye kiwanda cha rangi au cha resini hatanunua dumu lisilo na karatasi. Ukishakuwa na mafuta yanayotoka na namba zilezile kila wiki, ndipo mzungumze na wa rangi juu ya ile njia ya mzee ya kuondoa maji. ESBO na polioli ziachwe kwa atakayeweza kujenga mtambo wenye koti la maji.

Mama Alizeti

Nimekuelewa mwanangu. Nina magunia mawili ya mbegu kutoka Magu. Sampuli nikuletee vipi?

Mkamuaji wa Igoma

Mama, kwanza ondoa maganda yote na mbegu zilizooza, anika mpaka zikauke kabisa. Kamua bila kuchoma mbegu, joto likizidi mafuta yanageuka rangi na asidi inapanda. Acha yatulie siku mbili, chukua ya juu, usiguse masimbi ya chini. Jaza chupa ya kioo nyeusi mpaka shingoni ili hewa isibaki, funga, andika tarehe ya kukamua na mahali mbegu zilikotoka. Nusu lita inatosha. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze pa kuileta, na majibu nitayaweka humu wote wayaone.